Mashine Nyekundu ya Bwana Nassibu

Baba yangu aliharibiwa jina na kicheko chake mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Buguruni wakisimulia habari hii huanzia kwenye mashine, na mashine ilikuja baadaye.

Jina lake Marijani, Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia Temeke kabla sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi magari, tena si kwa burashi, kwa upepo. Mashine ya upepo inavuta hewa na kuibana ndani ya tangi, kisha hewa ile inapita kwenye mpira, inakutana na rangi kwenye bomba la kupulizia, na rangi inatoka nyembamba kama ukungu. Fundi mwenye mkono mwepesi analitoa gari kama kioo. Baba alikuwa na mkono huo. Gari lilikuwa likipita barabara ya Pugu watu wanasema, "Hilo la Marijani," kama kwamba ni mali yake, na mwenyewe hana hata baiskeli.

Alikuwa akifanya kazi gereji ya Bwana Nassibu, Buguruni. Bwana Nassibu ni Mnyamwezi. Babu yake alifika pwani na pembe ya ndovu begani, akautua mzigo, hakurudi tena kwao. Kwa hiyo yeye na baba walikuwa watani, na asiyeujua utani wa Mzaramo na Mnyamwezi nitamweleza kidogo. Mtani wako anaweza kukuvua kofia msibani, akakuita mtumwa wake mbele ya mkweo, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Unacheka, unangoja zamu yako.

Basi kila asubuhi ilikuwa hivyo.

"Marijani, leo umekula nazi ngapi?"

"Mbili. Moja nimekulia wewe, maana kwenu hata mnazi wa kujinyongea hakuna."

Sasa mashine ya upepo ya gereji ile ilikuwa imechoka. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka, na pistoni imevikwa ringi za chuma. Kazi ya ringi ni kuyazuia mafuta ya mashine yasipande juu yakachanganyika na hewa. Ringi zikilika, mafuta yanapanda. Huyaoni, lakini yamo ndani ya upepo, na rangi ikitua juu ya mafuta inakimbia, haishiki. Baba alimwambia Bwana Nassibu mara mbili kwamba ringi zimekwisha. Akajibiwa zitangoja.

Likaletwa gari la Mzee Hija wa Temeke, mtu mwenye magari ya kukodisha harusini, mpole wa maneno lakini hasahau. Gari lilipakwa bluu. Lilipokauka likawa na vishimo mwili mzima, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Siku aliyokuja kulichukua nilikuwapo, nimempelekea baba chakula cha mchana. Mzee Hija alilizunguka gari lake pole pole, akauliza, "Hiki ni nini?"

Bwana Nassibu akasema, "Muulize mtani wangu huyu. Anajipaka mafuta ya nazi toka utosini mpaka unyayoni. Akishika gari la watu, utadhani anaunga mchuzi."

Mafundi wote wakacheka. Baba naye akacheka, kwa sababu ndivyo adabu ya utani inavyotaka. Alikuwa bado anacheka pale Bwana Nassibu alipoacha kucheka, akamgeukia Mzee Hija na kusema kwa sauti nyingine kabisa, "Si unamwona mwenyewe. Hakatai."

Nilikiona kinywa cha baba kikibaki wazi. Alitaka kusema, lakini mtu aliyekwisha kucheka aanzie wapi? Jioni ile alirudi nyumbani amefukuzwa, msasa wake mfukoni, na wiki haikwisha gereji zote, Kinondoni mpaka Kipawa, zilikuwa na habari ya fundi mwenye mikono ya nazi. Aliomba kazi kila mahali. Walimkaribisha kwa kicheko na kumuaga kwa kicheko.

Miaka miwili alipaka chokaa nyumba za udongo kwa burashi ya makumbi. Akirudi, nyusi nyeupe, kope nyeupe, hata matone ya jasho meupe. Namwekea maji ya kuoga. Mama alikwisha tangulia mbele ya haki, tulikuwa mie binti yake na yeye tu. Mie nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Lakini kungoja hakufundishwi shuleni.

Nilianza kuuza chai na vitumbua, na mahali pa kuuzia nilipachagua. Kulikuwa na uwanja pale Buguruni, mali ya Mhindi mmoja wa mjini, zinapouzwa mashine zilizokwisha tumika: majenereta, pampu za maji, mashine za upepo kutoka mashamba na migodi ya bara. Nilijua ile mashine ya Bwana Nassibu itakufa, na ikifa atakuja pale, maana mpya hawezi kuagiza. Sikujua lini. Nikaweka jiko langu langoni.

Karani wa uwanja alikuwa Leodegar, mtu wa Bukoba, shati lake limenyooka hata saa tisa mchana, anasema Kiswahili kama anayesoma barua. Kila asubuhi alikuwa akiziwasha mashine moja moja zisigande. Nami nilizisikiliza kama mtu anavyosikiliza majirani: huyu anakohoa, huyu mgomvi, huyu amenyamaza sana leo, kulikoni. Usiku nikimpa baba chakula namuuliza, na yeye, bila ya kuniuliza nataka za nini, ananijibu.

"Kelele si nguvu," aliniambia. "Tazama tangi linachukua muda gani kujaa. Fungua koki ya chini uone maji yaliyojikusanya tangini yana rangi gani. Halafu shika karatasi nyeupe mbele ya mpira. Karatasi haina mtani."

Mwezi wa Rajabu zilikuja mbili. Moja ya kijivu, fupi, imebanduka rangi, tangi lake halifiki kiunoni, lakini ina pistoni mbili zinazopokezana. Nyingine nyekundu, tangi kama ng'ombe amelala, gurudumu la mkanda kubwa kama sinia la pilau, na ikiwaka vikombe vyangu vinacheza mezani. Watu wote walisimama kwa ile nyekundu. Mie nilitazama tu. Ya kijivu ilijaza tangi kabla mteja hajamaliza kikombe. Nyekundu, na ukubwa wake ule, mteja alikunywa, akalipa, akasimulia habari za mkewe, akaondoka, na sindano ya saa ya kupimia upepo bado inapanda. Leodegar alipofungua koki yake ya chini, yalitoka maji meupe mazito kama tui la kwanza. Maji yakiwa hivyo ni kwamba yamekorogeka na mafuta. Ringi zimekwenda.

Nikasema moyoni, wewe ndiye wake.

Alikuja siku ya Jumanne, mafundi wake wawili nyuma, na Mzee Hija kando yake. Mwana wa Mzee Hija alikuwa anaoa baada ya Idi, na magari mawili ya harusi yanataka rangi ya kijani. Mashine ya gereji ilikuwa imekufa wiki ile ile. Mzee Hija, aliyekwisha ungua mara moja, alisema hatoi magari mpaka aone kwa macho yake mashine itakayotumika.

Bwana Nassibu aliniona kwanza.

"Kumbe mtumwa wangu umehamia huku. Baba yako hajambo? Chokaa inashika?"

"Shikamoo. Hajambo, anakusalimu."

"Marahaba. Hebu nipe kitumbua nione. Isije ikawa mafuta yote mmejipaka, vitumbua mkavikaanga kwa maji."

Mafundi wakacheka. Nami nikacheka.

Leodegar aliwasha ile nyekundu. Ardhi ikatetemeka, kuku wa jirani wakaruka ukuta. Bwana Nassibu aliweka kiganja juu ya tangi akatabasamu kama aliyeshika tumbo la mkewe mjamzito. "Hii sasa," alisema. "Hii ukiisikia tu unajua ni mashine."

"Na ile ya kijivu?" Mzee Hija aliuliza.

"Ile ya kujazia baiskeli, Mzee wangu."

Leodegar akasema, "Kwa kweli, ile ya kijivu inajaza upesi zaidi."

"Wewe karani jaza vitabu vyako. Upepo tuachie wenyewe."

Hapa nataka nieleze sawasawa, kwa sababu wako wanaosema nilimdanganya. Sikumdanganya. Kati ya watani kuna maneno mawili tu yanayofunga mchezo: utani kando. Mtu akitamka utani kando, hata kama mlikuwa mkigaagaa kwa kicheko, mnanyamaza, na linalofuata linashikwa kama kiapo. Ningeweza kumwendea, nikasema, Bwana Nassibu, utani kando, hiyo nyekundu itakuharibia kazi. Angenisikia. Si mjinga, ana kiburi tu. Maneno yale yalinifika ulimini, nikayaona kabisa kama ninavyoiona karatasi hii ninayoandikia. Nikayameza. Nikasimama nikajishika kiuno, nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Mtani, iache hiyo nyekundu. Inatema mafuta."

Akageuka, macho yake yameshaanza kucheka.

"Lakini nasema bure," nikaendelea. "Mnyamwezi ukimwekea mizigo miwili chini, atainama kwenye mzito. Babu zenu walibeba pembe mpaka shingo zikaingia kifuani, na nyie bado hamjapumzika."

Mafundi wake walishikana mabega. Hata Mzee Hija aliziba mdomo kwa kofia.

"Mtumwa wangu ana mdomo," alisema Bwana Nassibu. "Na mafuta umeyaona wapi?"

"Karani, toa karatasi yako moja nyeupe. Usinipe mie, shika mwenyewe. Mtani wangu asije akasema ni mikono yangu."

Leodegar alichana karatasi kwenye daftari, akaishika mbele ya mpira, akafungulia upepo. Tulingoja. Alipoitoa ilikuwa na doa katikati, manjano, linapitisha jua. Akamwonyesha Bwana Nassibu. Akamwonyesha na Mzee Hija.

"Basi, karani naye kala vitumbua vyako," alisema Bwana Nassibu.

Uwanja mzima ulicheka. Yeye alicheka zaidi ya wote, mpaka akatoa leso akajifuta macho, na kila akitaka kuacha, kicheko kinamrudia. Mzee Hija naye alicheka. Mie sikuwa nikimtazama Bwana Nassibu wakati ule, nilikuwa namtazama Mzee Hija. Nilitaka kicheko kile kimwingie vizuri masikioni, na doa lile machoni, kikae huko pamoja.

Nyekundu iliondoka mchana ule ule juu ya gari la kukokotwa, watu sita wanasukuma.

Nimeambiwa ningemwonea huruma. Anayesema hivyo hajapata kumsugua baba yake chokaa nyuma ya masikio.

Siku zilizofuata sikumuuliza mtu kitu. Mafundi wake walikuja kunywa chai, nikawamiminia, wakasema wenyewe. Bwana Nassibu, tangu amfukuze baba, hakupata fundi wa rangi wa kudumu naye, kwa hiyo safari hii alishika bomba mwenyewe. Gari la kwanza lilikauka na vishimo. Akalisugua lote kwa msasa, akalipaka tena. Vishimo. Akaliosha kwa tina ya kuyeyushia rangi, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akafunga kitambaa puani, akapaka usiku kusiwe na vumbi. Asubuhi vishimo. Akabadilisha rangi, akamtukana muuza rangi. Mwishowe akapiga marufuku vitumbua gereji nzima. Siku tatu biashara yangu ilishuka, na sijapata kufurahia hasara kama ile.

"Mashine je?" mmoja alisema, akipuliza chai yake. "Mie nilimwambia, mashine. Akasema mashine inanguruma vizuri."

Mzee Hija alikwenda mwenyewe siku ya nane. Haya niliambiwa na fundi yule yule. Alilizunguka gari pole pole, kama siku ile nyingine.

"Nani alishika bomba?"

"Mie, Mzee wangu."

"Unajipaka nazi?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Hija alikaa juu ya gurudumu bovu, akasema, "Yule binti alisema. Tena alituonyesha. Sote tukacheka." Akavua kofia yake. "Na baba yake naye alicheka."

Kesho yake, kabla ya jua kuwa kali, walikuja nyumbani kwetu Temeke wote wawili. Baba alikuwa uani anachuja chokaa. Mie nilikuwa mlangoni napepeta mchele.

Mzee Hija hakuzunguka. "Marijani, nimekuja kwa aibu. Magari yangu yanataka mkono wako. Bwana Nassibu naye ana neno."

Bwana Nassibu alikuwa amepungua. Alisema, akitazama ndoo, "Mtani, tuliteleza. Yaishe. Njoo kazini. Mzee Hija amesema magari yasipong'aa kabla ya Idi, anaondoa magari yake yote kwangu, na sababu ataisema. Gereji ile bila magari yake ni banda la kuku."

Na baba, jamani, baba aliweka ungo wa chokaa chini akaanza kufuta mikono. Alikuwa anakwenda kuchukua msasa wake. Miaka miwili, na alikuwa anakwenda.

"Baba," nikamwita. "Keti kwanza."

"Mwamvita, mtu akikujia nyumbani yamekwisha."

"Kwako yamekwisha. Jina lako halikuharibiwa hapa uani." Nikamgeukia Bwana Nassibu. Sikupandisha sauti, ungo bado mkononi. "Shikamoo, Bwana Nassibu. Baba atakuja. Lakini mashine ataichagua yeye, pale uwanjani, asubuhi mafundi wakiwa chai. Na wewe utasema mbele yao nini kiliharibu gari la bluu la Mzee Hija. Useme wazi, si kama mtani."

"Binti, mie mtu mzima."

"Ndiyo maana nimekuamkia."

Akamtazama baba, akitumaini ataniambia nyamaza. Baba alikuwa ameketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, anatazama mikono yake. Mzee Hija akasema, "Mie naona ni haki." Wakaondoka.

Alhamisi uwanja ulijaa. Sikumtangazia mtu. Nilimwambia tu yule fundi mmoja, na fundi mmoja anatosha kwa Buguruni yote. Walikuja wa gereji za Temeke, wa Kipawa, hata wawili wa Kinondoni ambao siku zile walikuwa wamemcheka baba usoni. Wamesimama na vikombe, wanajifanya wanapita.

Baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa, jambo ambalo kwa kazi ya mashine si busara, lakini nilimwacha. Aliizunguka ile ya kijivu. Alivuta mkanda kwa vidole viwili, akafungua koki ya chini na kutazama maji. Safi. Akamwomba Leodegar aiwashe. Ikaanza kupiga haraka haraka, tak tak tak tak, baba ameinamisha kichwa, macho amefumba. Nilikuwa nimesahau uso wake ulivyokuwa kazini.

Wakati ule ule, mashine ikinguruma, Bwana Nassibu alipanda juu ya kreti. Aliuchagua wakati wake. Nilimwona midomo ikienda, upesi upesi, mkono mmoja kifuani. Wa mbele pengine walipata neno moja moja. Niliona "ringi." Niliona "Marijani." Sindano ilipofika mwisho alikuwa ameshashuka, anajifuta jasho, anamtazama Mzee Hija kama mtoto aliyemaliza kusoma juzuu.

Baba alishika karatasi mbele ya mpira. Akaigeuza kwenye jua. Hamna kitu. "Hii," alisema.

Nikaweka birika chini.

"Bwana Leodegar, izime."

Leodegar aliizima. Kukawa kimya, unasikia maji yanavyochemka jikoni kwangu. Watu wakageuka kunitazama.

"Huku nyuma hatukusikia, Bwana Nassibu."

Alinitazama. Alitazama lango, lakini langoni nilikuwa nimekaa mie. Alimtazama baba, na safari hii baba hakutazama mikono yake.

Akapanda tena juu ya kreti, pole pole, kama mtu anayepanda ngazi za korti.

"Utani kando," alisema.

Vikombe vilitulia mikononi mwa watu.

"Gari la bluu liliharibiwa na mashine yangu. Ringi zilikuwa zimekwisha. Marijani aliniambia mara mbili. Mie nikamsingizia, akacheka, nikakitumia kicheko chake."

Maneno ya mwisho aliyasema chini chini, akitazama kreti. Wale wawili wa Kinondoni walikuwa wamesimama mbali kabisa, karibu na ukuta. Nikawauliza, "Nyie, hapo, mmesikia?"

Wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa kwamba la, sijui kwa kweli au kwa kuogopa kunipinga.

"Hawakusikia," nikamwambia Bwana Nassibu.

Baba akasema, "Mwamvita."

"Hawakusikia, baba."

Bwana Nassibu akayasema yote mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka wauza mihogo ng'ambo ya barabara wakasimama.